Mazoezi ya Ndoa kwenye Meza ya Dosa

"Wakikuuliza mke wangu analala upande gani wa kitanda, utasema nini?"

"Upande wa ukutani."

"Umejuaje?"

"Nilifikia kwenu. Asubuhi nikaingia kumwamsha, nikamkuta kaelekea ukutani."

"Safi. Na mimi nakunywa chai gani?"

"Hiyo wasinisumbue. Hiyo nawajibu hata nikiwa usingizini."

Fundi Vigae akacheka. Msusi naye akacheka, akamshika kidole gumba chini ya meza kama alivyozoea kumshika tangu wakiwa vijana. Ungewaona ungesema hawa ni wapenzi, na usingekosea. Pete ilishavishwa, wazazi wa pande zote mbili walikula na kunywa siku hiyo. Kasoro ni moja tu: huyo mke anayelala upande wa ukutani si Msusi.

Usishangae, kaa nikueleze. Fundi Vigae alikwenda ughaibuni kutafuta maisha. Kazi za kupanga vigae bafuni mwa watu zilikuwepo, kibali cha kukaa hakikuwepo. Njia iliyopatikana ni kuoa raia wa huko, ndoa ya karatasi tu. Aliyepatikana ni mwanamke wa kwao, aliyepelekwa huko akiwa mtoto na kupata uraia, anafanya kazi ya kufua nguo hospitalini. Alihitaji mtu wa kusaidiana naye kodi ya nyumba, na mengine waliyokubaliana hayatuhusu. Fundi hakufanya jambo hili kwa siri. Alimpigia Msusi, wakalijadili wiki nzima, na Msusi mwenyewe ndiye aliyesema oa, bora tupate pa kuanzia. Tena ndiye aliyembandika yule mwanamke jina la Bibi Karatasi. Walilicheka jina hilo kwenye simu mpaka machozi yakawatoka.

Sasa Jumatatu ilikuwa usaili wa mwisho. Maafisa walitaka ndugu wa mume aje athibitishe kwamba ndoa ni ya kweli. Wazazi wa Fundi walishafariki na ndugu mwingine hana, kwa hiyo Msusi aliletwa kama dada yake, binti wa baba mdogo. Akishajibu vizuri, Fundi anapata hati ya kudumu, anamwacha Bibi Karatasi kwa talaka ya karatasi, anamwoa Msusi. Huko nyumbani mama yake Msusi alishawaambia watu wakae mkao wa kula.

Ndiyo maana siku hiyo ya Jumamosi mchana walikuwa kwenye mgahawa huu wa Wahindi wa kusini, wakifanya mazoezi. Mahali penyewe padogo, meza sita, vikombe vya chuma, haradali inapasuka kwenye mafuta huko jikoni mpaka unapiga chafya. Bei ya watu wa kawaida. Mchuzi wa dengu wanaouita sambar unajaziwa bure mpaka uzibe bakuli kwa kiganja, na hakuna anayekufukuza.

"Mbona hawajatuuliza tunakula nini?" Msusi akauliza.

"Wananijua. Yule mzee wa kaunta akiniona tu mlangoni anapiga kelele jikoni."

"Kumbe mwenzangu mtu mkubwa."

"Bei rahisi, dada yangu. Bei rahisi inamjua kila mtu."

"Usiniite dada tukiwa peke yetu."

"Lazima uzoee."

Mzee wa kaunta akaja mwenyewe na chakula. Dosa mbili, zile chapati nyembamba za mchele na dengu, ndefu kupita sahani, na chatini ya nazi pembeni. Akaziweka. Kisha akaweka sahani ya tatu, ndogo, mbele ya kiti kitupu. Juu yake kulikuwa na dosa iliyokunjwa ikasimama kama kofia ya sherehe ya watoto, imepakwa samli na kunyunyiziwa sukari.

Mzee akakitazama kiti kitupu. Akamtazama Msusi. Akashusha kiganja mpaka usawa wa goti lake, akainua nyusi kumuuliza Fundi.

Swali hilo halihitaji mkalimani. Fundi akamjibu haraka haraka kwa lugha ya huko, mzee akaomba radhi kwa kichwa na kurudi kaunta. Sahani ikabaki pale pale.

"Amesema nini?"

"Amekosea meza."

"Watu tulio humu ni sisi na yule babu anayesoma gazeti. Hiyo kofia ni ya babu?"

Fundi akavunja kipande cha dosa, akakichovya, akakirudisha kwenye sahani bila kukila.

"Bibi Karatasi ana mtoto," akasema.

"Tangu lini?"

"Wa kike. Mdogo. Huwa namleta Jumamosi mama yake akiwa kazini."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Alimpata na mtu wake huko. Mambo yake, mimi sikuingilia. Mtoto yuko nyumba moja na mimi, nitamfanyaje? Nimwache na njaa?"

"Na maneno yote hayo kwenye simu, kila siku ya Mungu, hukuwahi kupata nafasi ya kusema kuna mtoto ndani?"

"Ningekwambia ungewaza mabaya."

"Sasa ndiyo nawaza mazuri?"

Mwongo hupanga maneno akasahau mahali. Mji una migahawa chungu nzima, na mwenzetu huyu akampeleka mchumba wake kwenye meza ile ile anayokaa na mtoto. Sidhani alitaka kukamatwa. Ni mazoea tu, miguu ilimpeleka.

"Kula, itapoa," Fundi akasema.

"Mpe babu wa gazeti."

Fundi alimsindikiza Msusi mpaka chumba alichompangishia kwa mama mmoja, ghorofa ya pili juu ya duka la mazulia. Mlangoni akambusu kwenye paji la uso, si mdomoni.

"Ningelala hapa, unajua. Lakini maafisa wanaweza kumgongea Bibi Karatasi alfajiri, wasinikute, tumekwisha."

"Unalala wapi kule?"

"Nimeshakwambia. Sebuleni, kwenye kochi."

"Kochi la rangi gani?"

Fundi akakawia kidogo. "La kijivu. Sasa unanifanyia usaili na wewe?"

"Si ndiyo mazoezi."

Alipoondoka, Msusi alikaa kitandani na koti lake. Namba ya Bibi Karatasi alikuwa nayo. Alikuwa nayo muda mrefu, tangu usaili wa kwanza, maana nani mwingine angemfundisha yule mwanamke habari za Fundi? Msusi alimtumia ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine akiwa anasuka wateja. Anapenda chai ya rangi, sukari kidogo. Ana kovu gotini, alianguka kwenye mti wa mpera. Akinyamaza usimuulize kulikoni, mpe kazi ya mikono, atasema mwenyewe. Alimfundisha kwa moyo mmoja, kama mtu anayemfundisha msaidizi wake wa saluni, na usaili ule ulipopita wakaacha kuandikiana.

Akaandika: "Dada habari. Ni mimi Msusi, nimefika. Naomba tuonane kesho kabla ya Jumatatu. Asijue."

Jibu likaja kabla hajaweka simu chini: "Karibu sana wifi yangu. Kesho saa nane mchana, pale pa dosa. Na mimi nina hamu ya kukuona."

Wifi. Msusi alilisoma neno hilo mara nyingi kuliko lilivyostahili.

*

Bibi Karatasi alikuwa mwanamke mnene kiasi, mikono imechubuka kwa sabuni za hospitali, uso wa mtu anayelala kidogo. Msusi alikuwa amejiandaa kumchukia, akakuta hana pa kuanzia. Alikumbatiwa kabla hajasema neno.

"Wifi, pole na safari. Kaa. Umekula? Hapa usiogope sambar, wanaongeza mpaka uwaombe waache. Mumeo hajambo?"

"Mume wangu yupi?"

"Si umeolewa? Kaka yako aliniambia. Nikasema Mungu mkubwa, kila mtu kapata fungu lake. Na moyo wako mwema kukubali kuja kutusaidia."

Msusi akakishika kikombe cha chuma kwa mikono miwili.

"Alikwambia nimeolewa lini?"

"Nikiwa na mimba ya mtoto. Alikuja akaketi kwenye kiti hicho hicho, akasema umempigia simu umevunja uchumba, umepata mtu. Hakula siku ile. Nilimhurumia." Bibi Karatasi alimtazama Msusi vizuri, kidole kwa kidole, mpaka akaifikia pete. "Hiyo ni ya nani?"

"Ya kwake."

"Hujaolewa."

"Sijaolewa. Mama yangu ameshashona nguo ya harusi. Bwana harusi ni huyo huyo."

Mzee wa kaunta alikuja na jagi la maji. Akawatazama wale wanawake wawili, akamimina na kuondoka.

"Mtoto ni wa nani?" Msusi akauliza, ingawa alishajua.

"Ana masikio yake. Utayaona."

"Ulikuwa ukijua mimi ni nani kwake. Mwanzo ulijua."

"Nilijua. Sikumgusa wala hakunigusa mpaka aliponiambia wewe umeondoka. Naapa kwa mwanangu."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo tulikuwa tunakuja hapa kufanya mazoezi. Nyumbani kwangu kuta nyembamba, jirani anasikia. Hapa hakuna anayetuelewa. Tunaagiza dosa moja tunagawana, tunaulizana. Mama yako anaitwa nani, unapenda nini, ulilia lini mara ya mwisho. Niambie wewe, dada. Ukikaa na mtu kila wiki mnaulizana ulilia lini mara ya mwisho, na unatakiwa ukumbuke jibu, utafanyaje?"

"Mngejibu maswali ya maafisa, basi."

"Yale majibu ulinipa wewe. Nilijua anavyokunywa chai kabla sijamjua mwenyewe. Uliniambia akinyamaza nimpe kazi ya mikono. Siku moja akarudi kazini kanyamaza, nikampa viazi amenye. Alimenya viazi, akaniambia habari zote za baba yake alivyokufa. Nikajisemea, huyu dada hakunidanganya hata kimoja."

Msusi hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua imshukie nani. Alimwazia Fundi, akajiwazia mwenyewe na zile sauti alizokuwa akirekodi huku kashika kitana, akaona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto.

"Mpigie," akasema. "Mwambie aje hapa na mtoto. Usimwambie niko."

Bibi Karatasi akapiga, akaweka simu mezani sauti ikiwa juu.

"Uko wapi?"

"Namvalisha viatu. Kwani vipi, mbona sauti yako hivyo?"

"Njoo pale pa dosa. Mtoto hajala."

"Si ulisema unapika?"

"Nimebadili mawazo."

"Sawa, mama watoto. Umekunywa dawa yako?"

"Nimekunywa."

"Haya, tunakuja."

Simu ikakatika. Katika uchumba wao wote Fundi hakuwahi kumuuliza Msusi kama amekunywa dawa. Kweli Msusi hakuwahi kuugua, lakini mtu akiwa na uchungu hapimi mambo kwa mizani ya haki.

Wakaja. Mtoto aliingia akikimbia, akapanda kiti chake bila kusaidiwa. Masikio yalikuwa yale yale. Fundi alikuwa nyuma yake na mkoba mdogo wa mtoto begani, na alipowaona wawili wale wamekaa upande mmoja wa meza, alisimama katikati ya mgahawa kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Kaa," akasema Msusi.

"Naweza kueleza."

"Kaa kwanza. Mtoto anakuangalia."

Akakaa. Huko kaunta mzee alishapiga kelele jikoni.

"Ulimwambia nimeolewa," Msusi akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ukaniambia mtoto ni wa mtu mwingine. Mwanao wa kumzaa ukamfanya wa mtu mwingine."

"Sikupanga iwe hivi."

"Ulipanga. Ukaniandikia barua ya mwaliko, ukanipangishia chumba, ukanikalisha hapa jana kunifundisha mkeo analala upande gani."

"Ningekwambia Jumanne."

"Baada ya kunitumia."

"Baada ya mambo kukaa sawa. Wewe ni mtu mwelewa, nilijua ungenielewa."

"Na mimi?" Bibi Karatasi akaingilia. "Mimi uliniambia nini? Nimekaa na mume wa mtu ndani ya nyumba yangu, nimemzalia, namshukuru mwenzangu kila nikiomba Mungu. Mwanamume gani wewe? Mnafiki mkubwa." Huku anasema akamsukumia kikombe cha maji bila kumtazama, maana Fundi alikuwa anakohoa. Fundi akakichukua, akanywa, akakirudisha bila kusema asante.

Msusi aliliona hilo. Lilimwingia kuliko mtoto, kuliko yale masikio.

"Nikuulize maswali mawili tu," akamwambia Fundi. "Kama ya maafisa. Huyu mkeo anaogopa nini?"

"Lifti," Fundi akajibu kabla hajafikiri.

"Na mimi naogopa nini?"

Fundi akafungua mdomo. Akatazama sahani, akatazama dirishani. Wala si kwamba hakuwahi kujua. Alikuwa ameshasahau, na kusahau kwenyewe kulimshtua hata yeye.

"Tulikuwa mbali," akasema mwishowe. "Simu ni simu. Unarudi umechoka, unaongea na simu, unaizima, kuna mtu jikoni anakuuliza unakula nini. Nilikupenda. Nilikuwa najiambia nakupenda. Halafu nikaanza kuogopa kukwambia, na kila mwezi nilivyokawia ndivyo nilivyozidi kuogopa."

"Kwa hiyo uliniweka akiba."

"Nilikuwa mwoga."

"Hilo ndilo neno la kweli la kwanza tangu nishuke kwenye ndege."

Dosa ya kofia ikaja. Mtoto akapiga makofi. Fundi akaivunja vipande, akavipuliza kimoja kimoja, akavipanga mbele ya mtoto.

Bibi Karatasi akamgeukia Msusi.

"Nitakwambia jambo, ni juu yako. Kesho ukisema ukweli, ndoa hii ilianza kwa uongo na watapata ushahidi wa kutosha ukiwapa zile sauti zako. Mimi watanifunga. Yeye watampakia ndege moja kwa moja mpaka kwenu. Utampata. Mikono mitupu, lakini utampata."

"Usimwambie hivyo," Fundi akasema.

"Nimwambie nini? Nimdanganye na mimi?"

Msusi akainuka. Mtoto akamnyooshea kipande cha dosa chenye sukari, kama watoto wanavyompa mgeni yeyote. Akakipokea. Nje alikitia mdomoni kwa sababu hakuwa na pa kukitupa.

*

Mama yake alipiga asubuhi, Msusi akiwa anavaa.

"Mwanangu, umelala?"

"Nimelala, mama."

"Leo ndiyo leo. Tumekuombea. Shangazi yako kalala hapa hapa, yuko anakata mapambo. Mwambie mwenzio asiogope, yataisha."

"Mama, ungekuwa na njia ya kumrudisha mtu aliyekuacha, ungeitumia?"

"Njia gani?"

"Njia yoyote. Ya kumlazimisha."

Mama akatoka nje na simu. Alikuwa na akili zake, yule mama.

"Baba yako nilimrudisha mara moja kwa kulazimisha. Unamkumbuka alivyokuwa anakaa barazani, uso ameuelekeza barabarani? Mbona unauliza?"

"Nauliza tu. Tutaongea baadaye."

Ofisi yenyewe ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja na mashine ya kutoa namba. Fundi na Bibi Karatasi walikuwa wamekaa mwisho wa safu, mtoto katikati. Fundi alikuwa na uso wa mtu anayesubiri daktari. Alisimama alipomwona Msusi.

"Umeamua nini?"

"Nitakapoingia nitajua."

"Nikikuomba msamaha..."

"Usiniombe hapa. Utaonekana unanihonga."

Chumba cha usaili kilikuwa na meza, afisa wa kike mwenye miwani, na mkalimani kijana aliyekuwa na mafua. Msusi aliapishwa. Afisa alikuwa na sauti ya upole, ile inayomfanya mtu amwage yote.

"Wewe ni nani kwa mume?"

"Dada yake. Binti wa baba yake mdogo."

"Unaelewa kusema uongo hapa ni kosa?"

"Naelewa."

"Kaka yako anakunywa chai gani?"

"Ya rangi. Sukari kidogo."

"Mkewe analala upande gani?"

"Sijui," akasema Msusi. "Hayo ya chumbani kwao sikuyaona."

Mkalimani akamtazama, akatafsiri. Afisa akaweka kalamu chini.

"Mashahidi wengi hulijua hilo jibu. Wanakuja wamelikariri. Nikuulize moja kwa moja. Hii ndoa ni ya kweli?"

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Sauti zote zilikuwa humo, hakuzifuta hata moja. Angeitoa tu akaiweka juu ya meza. Fundi angerudi, angeshukia pale pale alipoondokea, mama angetandika mkeka, na jioni angemwona amekaa barazani. Alimtaka. Nisikufiche, hata wakati ule, baada ya yote yale, alimtaka. Alimtaka yule wa zamani aliyejua anaogopa nini, na huyo hakuna ndege ingeweza kumleta.

"Dada, umesikia swali?" mkalimani akauliza.

"Nimesikia. Ni ya kweli."

"Umejuaje?"

"Jana nilikula nao. Waligombana mbele yangu, ugomvi mkubwa, mke alimtukana mumewe. Katikati ya matusi mume akakohoa, mke akamsukumia maji bila kumwangalia. Akayanywa, hakusema asante. Watu wanaoigiza hushukuru. Mimi na mchumba wangu tulikuwa tunashukuriana kila siku."

Mkalimani alitafsiri polepole. Afisa akaandika, akauliza mambo mengine mawili matatu yasiyo na uzito, akagonga muhuri wa kukubali, akamwambia anaweza kwenda.

Nje, Bibi Karatasi alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimsoma usoni, akakaa chini na kuanza kulia kwa sauti mpaka mtoto akaogopa. Fundi akabaki amesimama.

"Sijui nikwambie nini," akasema.

"Usiseme asante."

"Basi niseme nini?"

"Mnyamazishe mtoto."

Akavua pete. Ilikwama kwenye kifundo, akakilamba kidole ndipo ikatoka, akampa mkononi kama anavyorudisha chenji ya mteja. Fundi akaanza kulia, na kulia kwake kulikuwa kwa kweli, lakini Msusi alishageuka.

Alipofika barabarani simu ikalia. Akaiacha iite, ikakatika, ikalia tena. Akasimama kando ya ukuta na kupokea.

"Mwanangu, tumekaa hapa roho juu. Imekuwaje?"

"Wamekubaliwa, mama."

Nyuma ya mama vigelegele vikapigwa, sauti ya shangazi ikiwa juu ya wote. Msusi alisubiri viishe. Vilichukua muda.

"Sasa tupe siku," mama akasema akicheka. "Watu wanauliza harusi lini."

"Waambie imeshapita, mama. Imefungwa leo asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi."